Ndoo Iliyobaki Nyuma

Mzee Mwadime, jirani wa nyumba ya chini, husimulia hivi, na ukimwongezea chai husimulia upya tangu mwanzo. Anasema siku ya arobaini na mbili, kondoo wa Kampuni walipotoka langoni, wanawake wote pale mlimani waliinuka wakashikana mikono, isipokuwa mmoja. Huyo mmoja aliigeuza ndoo yake kichwa chini, akaikalia, akakunja mikono kama anayengoja maharagwe yaive. Kondoo wa kwanza akamsukuma bega. Hakuinuka. Wa pili akamsukuma mgongo. Hakuinuka. Wa tatu alipomfikia, na hapa Mzee Mwadime huapa kwa kaburi la mamake, alikunja miguu yake yote minne akapiga magoti, na nyuma yake kundi zima likapiga magoti.

"Mitambo ile! Chuma kitupu!" husema, akigonga kikombe mezani. "Ikampigia magoti Mghoi kama mkwe aliyekuja kuposa!"

"Na wewe Mzee ulikuwa wapi?" watu humtania.

"Juu ya mkaratusi. Lazima mmoja aone ndipo asimulie. Nyinyi mngependa tuwe mashujaa wote halafu hadithi aibebe nani?"

Mghoi huyo ni nyanyake Saru. Saru aliipata hadithi hiyo akiwa bado wa kubebwa mgongoni, na miaka ishirini na miwili baadaye angeweza kukuonyesha ni wapi Mzee Mwadime hupumua na ni wapi hugonga kikombe. Shuleni, kila mwaka walipoigiza Siku za Ndoo, Saru ndiye aliyepewa kukalia ndoo. Kina Nyambu, ambao mama yao alikufa siku hiyohiyo akikimbia, watoto wao walipewa kuwa kondoo. Hakuna aliyeona ubaya. Mtu alipewa sehemu ya kwao.

Vivyo hivyo na maji. Kampuni ilipofukuzwa, zile nyavu refu zilizokuwa zikikamua ukungu kileleni na kuuteremsha hadi mji wa mitambo huko tambarare zikawa mali ya kijiji cha Ighange. Tangi hujaa alfajiri. Nyumba mia moja za wale wanawake mia moja huteka asubuhi, maji yakiwa baridi na safi. Wengine wote huteka alasiri, yakishabaki ya chini, yenye matope na miguu ya panzi. Saru hajawahi kuchuja maji ya kunywa maishani mwake.

*

Banda la usikizi lilikuwa lile ghala la zamani la Kampuni, na Saru alifanya kazi humo tangu mvua za mwisho. Ndoo zote mia moja za zile siku zilikuwa zimepangwa rafuni, nyekundu, buluu, kijani, zimepauka na kukakamaa kama ngozi ya ng'ombe iliyosahauliwa juani.

Jambo lenyewe liligunduliwa kwa bahati. Chombo kitupu cha plastiki, mtu akisema karibu nacho, ukuta wake hutetemeka kidogo sana. Kikiwa juani siku nyingi, plastiki ile inavyozidi kukauka huushika mtetemo ule ndani yake na kukaa nao. Kisikizi kilikuwa na sindano ya mwanga. Uliizungusha ndoo taratibu, sindano ikapasha moto sehemu ya upana wa ukucha, plastiki ikalegea, na kwa kulegea ikauachia mtetemo wake. Sauti ikatoka.

Lakini ikitoka imetoka. Mara ya kwanza unasikia vizuri. Mara ya pili unasikia kama mtu aliye chumba cha pili. Mara ya tatu ni mchakacho tu, kama mchele ungoni.

Na kisikizi hakikuwa na mahali pa kuhifadhi sauti. Kiliundwa hivyo makusudi. Wakati huo mtoto yeyote mwenye simu aliweza kumfanya marehemu babu yake aimbe wimbo wa matusi, kwa hiyo hakuna baraza wala mahakama iliyokubali sauti ya kunakiliwa. Kilichokubaliwa ni ndoo yenyewe, kusikizwa mbele ya watu. Usikizi wa kwanza ulikuwa wa mchambuzi, aandike yaliyomo. Wa pili ulikuwa wa baraza, lilinganishe na maandishi. Wa tatu haukuwapo.

Ndiyo maana msimamizi, Bwana Kirigha, alimchagua Saru, msichana aliyeishia shule ya msingi, akawaacha wenye vyeti. "Hawa wasomi wananiandikia kile mtu alichopaswa kusema," alilalamika. "Huyu ameandika: hapa anakohoa, hapa anacheka, hapa sijui. Nampenda mtu anayejua kuandika *sijui*."

Sheria nyingine ilikuwa moja tu: usisikize ndoo ya kwenu. Na ndoo hazikuwa na majina. Kila mwanamke alitia alama ya kisu cha moto chini ya mdomo wa ndoo yake, kama wafanyavyo bombani ili zisichanganyike. Mistari mitatu na nukta moja, hiyo ilikuwa ya Nyanya Mghoi. Saru aliifahamu alama hiyo kabla hajafahamu herufi a. Ilikuwa kwenye kila sufuria ya nyumbani.

Jumatano Bwana Kirigha aliteremka mjini kutafuta kipuri. Saru aliichukua rafuni ile ndoo nyekundu yenye alama yao ili aitenge, kama sheria ilivyosema. Akaishika. Akaitazama. Mlango ulikuwa umefungwa.

Alitaka tu kuwasikia kondoo wakipiga magoti.

*

Kwanza ulikuwa upepo. Kisha nyimbo, kisha mtoto analia na kubembelezwa, kisha wanawake wawili wakibishana kuhusu chumvi. Saru aliandika. Siku zilipita chini ya sindano kama maganda ya kitunguu. Mara nyingine aliisikia sauti ya nyanyake, changa, nyororo, ikichokoza watu: "Mkamburi, wewe huna hata ndoo na bado unakaa foleni? Unapanga nini, kuteka maji kwa viganja?" Na mwanamke mwingine akacheka, cheko lenye mluzi kidogo, kama la mtu aliyepungukiwa jino la mbele. "Yangu imepasuka, si mimi niliyepasuka. Nitawashikia zenu."

Saru akasimamisha kalamu. Mkamburi. Mamake Nyambu. Mkimbiaji.

Akaendelea kuzungusha.

Ilifika alfajiri moja, jogoo wawili, miguu mingi kwenye changarawe. Mstari ulikuwa ukisogea. Kila alfajiri wanawake walisogea hatua thelathini kuelekea langoni. Huo ndio uliokuwa ukaidi wao, hatua thelathini tu kwa siku. Mahakama ilikuwa imeamua kwamba maadamu walalamikaji mia moja wapo mstarini, lango la kondoo wa Kampuni lisifunguliwe. Lakini watu huenda haja, hunyonyesha, huzika. Basi wakafanya kama bombani: ndoo ikishika nafasi, mwenyewe yupo. Wakili wao alilipigania hilo mpaka jicho la lango likafundishwa kuhesabu ndoo. Mia moja, lango limefungwa. Tisini na tisa, limefunguka. Jicho halikuwa na huruma wala chuki. Lilihesabu.

Miguu ikaenda. Ndoo nyingine zikaburutwa, zikaenda. Ndoo hii haikwenda. Saru alijua kwa sababu sauti za watu zilipungua, na upepo ukabaki peke yake mdomoni mwa ndoo.

Kisha chuma kikalia mbali. Lango.

Mtu akapiga kelele, "Tisini na tisa! Limehesabu tisini na tisa! Ndoo ya nani imebaki?"

"Ya Mghoi!"

"Mghoi mwenyewe yuko wapi?"

Saru alikuwa ameacha kuandika.

"Naifuata!" Ulikuwa mluzi ule.

"Mkamburi, rudi! Wanakuja! Rudi, mama, acha!"

Miguu ikikimbia, inakaribia, inakaribia. Pumzi kubwa ndani kabisa ya ndoo, kana kwamba mtu ameinama na kuweka uso wake humo. "Haya mpenzi, twende," ile sauti ikaiambia ndoo, kama vile mtu anavyosema na mtoto anayembeba. Mshikio ukalia. Mbio. Mvumo wa kondoo, mzito, kama nyuki waliofungiwa. Kisha, "Pokeeni! Jamani pokeeni!" na ukaja upepo mkali wa kitu kirushwacho hewani, na kishindo, na mikono mingi ikidaka.

Mvumo ukakoma papo hapo. Miguu mingi ya chuma ikakunjwa kwa pamoja, *kwaa*. Mia moja.

Mbali, upande wa nyuma, kitu kikaporomoka mtaroni. Kokoto zikafuata, na baada ya kokoto hakukuwa na kitu.

Saru alikaa. Sindano iliendelea peke yake. Vilio, majina yakiitwa. Na kitambo kirefu baadaye, karibu sana na ndoo, ikaja ile sauti nyororo aliyoijua, ikihema:

"Nani amehamisha ndoo yangu?"

*

Alasiri Saru alipotoka, foleni ya zamu ya pili ilikuwa imefika hadi kwenye uzio. Ndoo zilikaa foleni na mawe ndani yake zisipeperuke, na wenyewe walikaa kivulini. Nyambu alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na mitatu, mwembamba, na kitambaa chake cha kuchujia maji alikiweka begani kama shali ya kanisani.

"Mwalimu wa ndoo!" alimwita. "Leo umesikia nini? Wametukana?"

"Hawajambo, mama. Wametukana kidogo."

"Mamangu je?" Alimuuliza hivyo kila siku, kwa sauti ileile ya utani, ili akijibiwa hapana isiwe kitu. "Hata akitukana, we niambie. Nilikuwa na miaka saba. Sauti yake imenitoka kabisa. Nakumbuka tu kwamba alikuwa na pengo na alinipulizia chai."

Saru alifungua mdomo. Maji ya asubuhi ya leo yalikuwa bado kwenye chupa kibindoni mwake, safi, na ghafla chupa ile ikamwia nzito.

"Ndoo zake hazipo, mama," alisema. "Hakuwa na ndoo."

"Najua. Ndiyo wanayosema. Hakuwa na ndoo, na alikutwa nyuma ya mstari, uso umeelekea nyuma." Nyambu akacheka. "Basi mbona haya ya kuelekea nyuma yananichosha mimi? Watu wote wana nyuma."

Foleni ikasogea. Nyambu alikuwa amegeuka kumwita mjukuu wake, hakuona. Saru aliinama, akaisukuma ndoo ya Nyambu hatua moja mbele, haraka kama mwizi.

*

Jioni hiyo alimkuta nyanyake akichambua mbaazi barazani. Nyanya Mghoi alikuwa na miaka themanini, mgongo bado umenyooka, na kila aliyepita njiani alimpa shikamoo mbili, moja ya umri na moja ya Siku za Ndoo.

"Nyanya," Saru alisema, "Mkamburi alikuwa na pengo mbele?"

Mkono wa mzee ulisimama kwenye ungo. Mbaazi moja ilidondoka, ikabiringika hadi kizingitini. Wote wawili waliitazama.

"Nani amekuambia ana pengo?"

Nyanya Mghoi aliuweka ungo chini, akaingia ndani, na hakutoka hata chakula kilipoiva. Saru alikula peke yake. Alilala akijiambia kwamba angeitenga ndoo mara ya kwanza, kama sheria ilivyosema, kesho ingekuwa siku ya kawaida.

*

Alhamisi, jua likiwa limeshapanda, mlango wa banda uligongwa mara tatu. Bwana Kirigha hakuwa amerudi. Nyanya Mghoi aliingia kwa miguu yake, amevaa gauni la kwaya, ameshika fimbo ambayo hakuwahi kuihitaji.

"Iko wapi?"

Saru akamwonyesha. Bibi aliitazama ndoo yake nyekundu kwa muda, hakuigusa.

"Nilikwenda kuoga," alisema.

"Nyanya?"

"Usinikatize, nikikatizwa nitanyamaza tena miaka arobaini na sita. Dadangu kule bondeni alituma habari kwamba amepata karai la maji. Karai zima. Siku arobaini na moja sikuwa nimeoga, Saru. Tulikuwa tunanuka mpaka tunachekana. Nikasema nikienda giza likiwa bado lipo, nitarudi kabla mstari haujasogea. Nikamwambia Mkamburi, akiwa bado na usingizi, nishikie, sikawii. Halafu maji yalikuwa na uvuguvugu. Nikakaa ndani ya karai lile. Nikaimba." Alimeza mate. "Niliporudi nywele zilikuwa bado zinachuruzika. Wakasema, tazama, wamemmwagia maji ya mitambo na bado hakuondoka. Mwadime alikuwa ameshateremka kutoka mtini, anapiga kelele kwamba kondoo wamepiga magoti mbele ya ndoo ya Mghoi. Nikawa nimeshakuwa shujaa kabla sijafika."

"Na hukusema?"

"Nilisema. Mwaka wa kwanza, barazani. Nikasimama nikasema, sikuwapo. Wakapiga makofi. Wakasema, oneni alivyo mnyenyekevu. Mwaka wa pili nikamfuata mwenyekiti nyumbani. Akaniambia, Mghoi, kesi iko rufaani, Kampuni inatafuta ufa wa kuingilia, na wewe unataka kuwapa kwamba siku ile tulikuwa tisini na tisa? Kaa nayo. Tukishinda utasema. Tukashinda, na wale wachache walioidaka ndoo, walioambiwa vivyo hivyo, walikuwa wameshazoea kunyamaza." Akaikaza fimbo. "Tulipogawa zamu za maji nilikuwa na mamako mgongoni, anaharisha. Nikasema, acha apone kwanza. Akapona. Ukazaliwa wewe. Kila nilipotaka kusema kulikuwa na mtoto anayekunywa."

Saru alitazama chini. Mtoto anayekunywa alikuwa yeye.

"Jumamosi baraza linakaa," alisema pole pole. "Nitaandika hii ndoo katika orodha. Nitakiri kwamba niliisikiliza kinyume cha sheria, wanifukuze kazi. Wataisikia. Nyambu atasikia."

"Ndiyo."

"Na zamu yetu itaondoka."

"Na iondoke."

Saru alipumua kwa mara ya kwanza tangu jana. Hata alitaka kumshika mkono. Ndipo nyanyake akavuta kigoda, akaketi mbele ya kisikizi, akafungua kilemba chake na kukiweka magotini, kama mtu anayengoja kuombewa.

"Lakini kwanza niwashie mimi."

"Nyanya, haiwezekani. Umebaki usikizi mmoja tu."

"Najua. Kijiji kizima kinajua."

"Ukiusikia wewe, wao Jumamosi watasikia mchele."

"Saru, mimi na Mkamburi tulitobolewa masikio siku moja. Nimesahau sauti yake. Nimekumbuka kila kitu kibaya, nikasahau hiyo. Barazani nitakaa kiti cha mbele, na watu mia nne nyuma yangu watakuwa wakipiga vigelegele au wakinizomea. Nitamsikiaje? Nitamwomba radhi saa ngapi?" Macho yake yalikuwa makavu, yametulia mno. "Niwashie, kisha nitasimama mbele yao niseme yote kwa mdomo wangu."

"Ulisema kwa mdomo wako, wakapiga makofi."

Bibi alikikunja upya kilemba magotini.

Saru alimtazama, kwa ule utazamaji wa kazi yake, akitafuta mahali pumzi inapokatika, mahali mtu anakohoa, mahali anacheka. Ulikuwa uso wa mtu anayemlilia rafiki yake. Ulikuwa pia uso wa mtu ambaye baada ya robo saa usingebaki ushahidi wowote wa kumtia aibu duniani. Ungeandika nini chini ya uso kama huo? Angelijua la kuandika kama ungekuwa wa mwingine. Angeandika *sijui*. Lakini karatasi ile haikuwa na nafasi ya sijui, na yeye mwenyewe, Mungu amsamehe, alikuwa na kiu ya maji ya asubuhi, na kichwani mwake kulikuwa na sauti ndogo iliyomwambia kwamba kumtii mzee si dhambi, washa tu, wala hutakuwa umeiba, utakuwa umemtii nyanyako.

Ni sauti hiyo iliyomtisha kuliko yote.

Nje, foleni ya alasiri ilikuwa imeshaanza kujipanga mapema, jua bado la mchana. Alisikia ndoo zikiwekwa chini moja moja na mawe yakitiwa ndani. Alimsikia Nyambu akimwambia mtu, kwa ule utani wake, "Nishikie hapa, mama, narudi sasa hivi, nakwenda kumuuliza mwalimu wa ndoo." Kisha miguu yake kwenye changarawe, ikija.

Ndoo nyekundu ilikaa kwenye kisahani chake chini ya sindano. Saru alikuwa ameuweka mkono juu ya mdomo wa ndoo uliopasukapasuka, na hakujua kama alikuwa ameushika ili aizungushe au ili aiondoe.

"Mjukuu wangu," alisema Nyanya Mghoi. "Niwashie. Mara moja tu."